Ukucha wa Rode Ndani ya Maji ya Baridi

Ijumaa, Julai, saa kumi alasiri. Baridi ya kuuma meno.

Ukungu umekaa juu ya mikahawa tangu alfajiri na hauna nia ya kuondoka. Milima ya upande wa Mbebe haionekani kabisa. Nimevaa sweta mbili, moja yangu na moja ya marehemu mama, na bado napuliza vidole kila nikimaliza mistari miwili. Wageni wanaotoka pwani wakidhani Tanganyika yote ni jua, Julai hii ya Mbozi huwatoa machozi.

Nimekaa kwenye chumba cha dawa, mlango nimeufunga. Wagonjwa wameondoka, Daktari ameondoka. Karai la maji bado liko mezani mbele yangu, sijayamwaga.

Leo ilikuwa siku ya Rode, na nitaiandika yote. Hata kile kipande nisichokipenda.

Nianze na yeye mwenyewe. Rode ni mke wa Yohana Nzowa wa Ihanda. Aliletwa kuolewa huku kutoka Mbebe akiwa msichana wa kucheka ovyo, na sasa ana mtoto wa kunyonya, Anyesi, wa miezi minane. Yohana yuko Kopabeliti, kwenye migodi ya shaba, huu ni mwaka wa pili. Kwa hiyo neno la mwisho katika nyumba ile ni la baba mkwe, Mzee Nzowa, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kukata shauri mapema na kulishikilia.

Tangu baridi ya mwaka jana, vidole vya Rode vinamfia mkononi. Hayo ni maneno yake. Akiingia shambani alfajiri kuchuma kahawa, matunda yakiwa bado yamelowa umande, vidole vinageuka vyeupe kuanzia nchani hadi kiungo cha kati, kana kwamba amevichovya kwenye unga. Akivigusa hahisi kitu. Siku moja alishika chungu cha moto akajua kwa harufu, si kwa maumivu. Kisha vikaja vidonda kwenye ncha za vidole viwili, vidonda vidogo vyenye ukaidi, havikui wala haviponi.

Alivificha. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini nani angemlaumu? Alijifunga vitambaa, leo akasema ni kisu, kesho akasema ni mwiba. Mama mkwe alivigundua siku moja wakiwa wanatwanga pamoja.

Ukoma.

Neno hilo likishatoka mdomoni halirudi. Kikombe cha Rode kikafungwa uzi ili kisichanganywe na vya wengine. Kigoda chake kikahamishiwa nje. Mzee Nzowa hakupiga kelele; alikwenda kwenye baraza la chifu taratibu, akaomba karatasi ya kumpeleka mkwewe kwenye kijiji cha wakoma, safari ya siku nyingi kutoka hapa. Karatasi ikaja. Ilibaki sahihi ya Daktari tu. Na huko mama haendi na mtoto anayenyonya. Mtoto hubaki.

Nilipomuuliza Mzee haraka hii ni ya nini, alinijibu, "Lisemwalo lipo, mwanangu, na kama halipo laja. Mimi namlinda mjukuu." Mjukuu yule hata mimi ningemlinda.

Lakini sikuamini kwamba ni ukoma. Miaka saba nimekuwa nikifunga vidonda vya wakoma hapa dispensari, na sijawahi kuona kidole cha mkoma kinachokuwa cheupe alfajiri, cha buluu saa mbili, chekundu saa tatu, na adhuhuri kikawa kidole kama vidole vingine. Ukoma hauna saa. Hiki cha Rode kilikuwa kinafuata jua.

Nilimwambia Daktari hivyo. Daktari wetu ni Mzungu wa hospitali kubwa, hupita hapa mara mbili kwa mwezi na gari lake linalokohoa kuliko wagonjwa. Ni mtu mwangalifu, na ana Kiswahili cha kupima kila neno kabla ya kulitoa. Alikuwa amekwisha kumkwangua Rode ngozi ya sikio na kuitazama kwenye darubini, na hakuona kitu.

"Kutoona si kutokuwepo," alisema. "Kuna ganzi. Kuna vidonda. Macho yako, Lidia, si kipimo."

Basi tupime, nikamwambia. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyompasa nesi. Baba yangu alikuwa akisema mimi nilizaliwa nikitanguliza miguu, ndiyo maana siwezi kurudi nyuma.

Daktari akasafisha miwani, kisha akanieleza jambo ambalo mwenyewe alikuwa amelisoma tu, hajawahi kulifanya. Kwamba damu inaweza kupimwa nguvu yake kidoleni kama tunavyoipima kwenye mkono wa juu. Kwamba kwa watu wengine mishipa midogo ya vidole inaogopa baridi, ikiguswa na maji ya baridi inajifunga kabisa, na damu haipiti hata tone. Kidole cha namna hiyo huwa cheupe, hufa ganzi, na kisipolishwa damu muda mrefu hutoa vidonda. Huo si ukoma, na hauambukizi mtu.

Mkanda wa kubana kidole hatukuwa nao. Nilishona mimi. Nilikata kidole kimoja cha glavu ya mpira iliyochanika, nikakivika kitambaa cha kaki, tukaunganisha na mrija wa chombo cha zebaki cha kupimia nguvu ya damu. Ulivuja mara tatu kabla ya kukubali.

Kazi yenyewe ni rahisi kuisimulia. Unavika mkanda kwenye shina la kidole. Unaviringisha uzi wa mpira kuanzia nchani ili kuikamua damu yote irudi nyuma. Unajaza mkanda upepo hadi ubane, unaondoa ule uzi, na kidole kinabaki hakina damu. Kisha unaachia upepo kidogo kidogo huku unatazama ukucha. Ngozi zetu hazisemi upesi, lakini ukucha hauna siri. Pale unapoona wekundu umerudi chini ya ukucha, hapohapo unasoma zebaki, na hiyo ndiyo nguvu ya damu ya kidole. Unapima kidole kikiwa na joto, unakitumbukiza kwenye maji ya baridi kwa dakika tano, unakipima tena.

Jumanne tulipima. Jumanne tulishindwa.

Rode alifika amembeba Anyesi mgongoni, amepanda kilima chote kutoka Ihanda, anatoka jasho kwenye baridi ile. Nilimhurumia. Nikamkalisha jikoni karibu na moto, nikampa bakuli la uji wa moto, akalishika kwa mikono yote miwili. Akaingia chumbani, akapiga goti, akamsalimu Daktari, akamsalimu baba mkwe wake aliyekuja kushuhudia, akanisalimu mimi. Akatia mkono kwenye karai. Dakika tano zikaisha, Daktari akasema, "Vizuri sana, mama, asante." Rode akashukuru. Tukavika mkanda, tukaachia upepo, na ukucha ukawa mwekundu upesi kama wa mtu yeyote.

Tukarudia. Ukawa mwekundu tena.

Daktari hakufurahi, lazima niseme haki yake. "Mishipa inafanya kazi," alisema mwishowe. "Basi ile ganzi ina sababu nyingine. Ijumaa nikirudi kutoka Mbebe nitapita hapa kuweka sahihi." Mzee Nzowa akainamisha kichwa, wala hakuonyesha kushangilia. Rode hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni akakaza fundo la kitenge mara mbili, kisha la tatu, akatoka.

Jumanne na Jumatano nilikuwa mtu asiyesemeshwa. Nilimfokea mpishi kwa sababu ya chumvi. Nilimfokea mzee aliyekuja kung'olewa jino, maskini, amefungua mdomo hawezi hata kujibu. Kilichoniuma si kwamba nilikosea, maana mtu hukosea. Kiliniuma kwamba nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeviona vile vidole vikiwa vyeupe kwa macho yangu, shambani, na chombo kikasema si kweli. Mmoja wetu alikuwa mwongo, na mimi nilijua si mimi wala si Rode.

Kwa hiyo jana, Alhamisi, nikaamua kukichunguza chombo. Nilichota maji kisimani kabla jua halijatoka, nikaazima kipimajoto cha wanaotengeneza siagi pale misheni, kwa kuwa chetu ni cha homa na baridi hakiijui. Nikakaa kwenye baraza ya dispensari peke yangu, mkono wa kushoto kwenye karai, nikajipima kidole changu mwenyewe. Dakika tano, mkanda, uzi, upepo. Tisini. Nikaandika.

Nilikuwa katikati ya mara ya pili alipopita Mama Sala, mke wa mwalimu, na ndoo kichwani. Akanisalimu. Nikamwitikia. Akaniuliza habari za kaka yangu, nikamwitikia, akaenda zake. Nikavika mkanda.

Mia na kumi na tano.

Nikasema mkanda unavuja. Nikautazama, hauvuji. Nikasema maji yamepata joto. Kipimajoto kikasema hayajapata. Nikakaa nikitazama mkono wangu wa kushoto, na ndipo nikaona tone la maji kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, mkono ambao sikuutia majini hata mara moja.

Nilikuwa nimepiga makofi.

Kwetu mtu hasalimii wala hashukuru kwa mdomo mtupu. Mwanamke huinama, akakunja viganja kidogo, akapiga taratibu, pa, pa, pa, na kadiri unayemsalimu anavyokuzidi heshima ndivyo unavyopiga kwa muda mrefu zaidi. Tunafundishwa kabla ya kutembea. Anyesi yule wa miezi minane tayari anajaribu. Nilikuwa nimetoa mkono kwenye maji, nimempigia Mama Sala makofi ya salamu na makofi ya kaka yangu, nimeurudisha, na ningekula kiapo hata mbele ya hakimu kwamba sijafanya hivyo.

Nikaikumbuka Jumanne yote kwa mpigo. Rode akiwa na joto la kilima na joto la uji wangu, akimpigia Daktari makofi, akimpigia baba mkwe makofi marefu, akinipigia mimi. Na zile dakika tano zilipokwisha, Daktari aliposema asante, Rode alitoa mkono majini akashukuru kama alivyolelewa, pa, pa, pa, pa, akaiamsha damu yote iliyokuwa inalala. Sisi watatu tulikuwa tunamtazama. Daktari hakuliona kwa sababu amezoea kupigiwa makofi siku nzima. Mimi na Mzee hatukuliona kwa sababu na sisi tulikuwa tunapiga.

Nyani haoni kundule. Nilicheka peke yangu barazani hadi mpishi akatoka kutazama, na nikamwomba radhi kuhusu chumvi.

Mchana uleule nilishuka Ihanda. Rode alikuwa uani anaanika kahawa, amevaa soksi za Yohana mikononi. Nikamweleza. Kesho uje polepole, usimbebe mtoto, usinywe kitu cha moto, ukifika utakaa kwenye ghala la dawa ambako hakuna moto. Ukiingia chumbani usipige makofi kwa mtu yeyote.

Alinisikiliza vizuri hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hata kwa baba mkwe?"

"Hata kwa baba mkwe."

"Dada Lidia, nisimame mbele yake nimtazame tu kama mbuzi? Bora nipelekwe huko huko kwa wakoma."

Hakuwa anatania. Nilijua hatanii, maana hata mimi nisingeweza kusimama mbele ya yule mzee na mikono imelala. Ningeweza kumfokea. Nilifungua hata mdomo. Badala yake nikakaa chini kwenye jamvi, nikaanza kuchambua naye kahawa, na baada ya muda nikasema, "Nitapiga mimi. Wewe piga goti, makofi nitakupigia."

Akanitazama. "Inaruhusiwa?"

"Sijui," nikasema. "Tutamuuliza yeye mwenyewe akishakasirika."

Akacheka. Ni mara ya kwanza mwaka huu kumsikia akicheka, cheko lile la ovyo la Mbebe.

Sasa leo.

Alifika saa moja kasoro, nikamkalisha ghalani nusu saa nzima. Niliacha dirisha wazi, Mungu anisamehe. Alipoingia chumbani alikuwa anatetemeka kidogo. Daktari alikuwa ameshafika, amechoka, matope hadi magotini, na ile karatasi iko mezani imefunuliwa, kalamu juu yake. Nilikuwa nimemweleza kuhusu makofi. Akasema pole pole, "Na mimi nikawa nasema asante." Masikio yalimwiva. Mzee Nzowa alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, kofia magotini.

Rode akapiga goti. Mikono yake akaiweka mapajani, ikakaa hapo, na chumba chote kikawa kinasubiri.

Nikapiga goti kando yake, nikapiga makofi. Nilipiga vizuri, nilipiga marefu, kama mkwe hasa.

Mzee alinitazama, akamtazama Rode. "Huyu mikono yake imepatwa na nini?"

"Iko kazini, baba," nikasema. "Leo ameazima yangu."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nilihesabu pumzi za Mzee. Kisha akaitikia salamu, akaiitikia kwa Rode, si kwangu, na mimi nikapumua.

Tukapima mkono wa juu kwanza. Mzima, kama wa msichana yeyote. Tukapima kidole cha kati kabla ya maji. Ukucha ulirudi mwekundu, ulichelewa kidogo lakini ulirudi. Kisha mkono ukaingia kwenye karai. Daktari alishika saa yake na hakusema neno lolote la shukrani. Kila alipotaka kusema alijiziba mdomo kwa leso.

Dakika ya tatu niliona vidole vinaanza, cheupe cha kati, cheupe cha pete. Sikusema. Nilitaka chombo kiseme.

Uzi. Upepo. Nikatoa uzi. Daktari akaanza kuachia, na sote tukainamia ukucha mmoja wa mwanamke mmoja. Hata Mzee alitoka kwenye benchi. Zebaki ikashuka hadi mia, ukucha mweupe. Themanini, mweupe. Hamsini. Nilisikia Daktari anapumua kwa pua. Ishirini. Zebaki ikafika chini kabisa, mkanda ukalegea ukawa kitambaa tu, na ukucha wa Rode ukabaki mweupe kama punje ya mahindi.

"Tena," Daktari akasema. "Mkono mwingine."

Tukafanya mkono mwingine. Sifuri. Akanipima mimi kwenye maji yaleyale ili kuwa na uhakika na chombo. Ukucha wangu ukarudi palepale ulipopaswa kurudi.

Kisha tukaiweka mikono ya Rode kwenye maji ya vuguvugu, na hapo sikuwa nimejiandaa. Vidole vikawa vya buluu, halafu vyekundu, na maumivu yakaja. Alijikunja. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, akawa anasema mama, mama, kwa Kindali, lugha ya kwao. Sijawahi kufurahia maumivu ya mgonjwa na sitafurahia tena, lakini nilimgeukia Mzee Nzowa nikamwambia, "Unaona, baba? Vinauma. Vidole vilivyokufa kwa ukoma haviumi hivi."

Mzee aliendelea kutazama vile vidole. "Kwa hiyo ni baridi," akasema.

"Ni baridi na mishipa yake," Daktari akamjibu.

"Baridi inatupiga sote."

"Yeye inampiga zaidi."

Mzee akafikiri. Kisha, na hili nitalikumbuka hadi nizeeke, akavua koti, akakunja shati, akasema, "Nipimeni na mimi." Tukampima. Ukucha wake wa miaka sitini na kitu ulirudi mwekundu bila wasiwasi, akaurudisha mkono ndani ya koti, ameridhika zaidi kidogo kuliko alivyotaka tuone.

Daktari hakuchana ile karatasi. Si mtu wa kuchana. Aliikunja, akaandika nyingine kwa mkono wake: si ukoma kwa kadiri ilivyopimwa, ni ugonjwa wa mishipa ya damu wa baridi, abaki nyumbani na mtoto wake, achunguzwe tena baada ya miezi sita. Akatusomea kwa Kiswahili chake cha mizani. Hakutudanganya. Alisema dawa ya kuuondoa hana. Asichume kahawa yenye umande. Avae sufu mikononi. Maji ya kuosha yawe ya moto. Na kidole cha pete cha mkono wa kulia, ile ncha, huenda isipone. Rode aliitikia yote kwa kichwa. Alikuwa anasikia neno moja tu, na neno hilo lilikuwa nyumbani.

Mzee Nzowa aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Akasema atakwenda nayo kwa chifu leo leo. Akiwa mlangoni akageuka akamwambia mkwewe, bila kumtazama, kama ilivyo adabu, "Kahawa ya alfajiri watachuma wengine. Wewe utaanika." Akatoka. Hilo kwa Mzee Nzowa ni hotuba.

Hapa ningeweza kufunga daftari. Ningelala vizuri.

Lakini nilisema nitaiandika yote.

Walipotoka wanaume, nilibaki na Rode kumfunga vidonda. Nilikausha vidole kimoja kimoja, nikavishika viganjani mwangu ili vipate joto, sikuvaa glavu. Nilikuwa najisikia mtu mkubwa. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga moyoni jinsi nitakavyomsimulia Mama Sala. Rode alikuwa anatazama mikono yake ndani ya mikono yangu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, wala haikuwa na hasira:

"Dada Lidia, ile Jumapili ya meza ya Bwana, ulishika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili."

Kanisani kwetu, siku ya meza ya Bwana, kila mtu humgeukia jirani yake akampa mkono wa kuume wa ushirika. Jumapili ile, mwezi uliopita, Rode alikaa upande wangu wa kulia kwenye benchi la akina mama. Ulipofika wakati, mama aliyekuwa upande wake mwingine aligeukia ukuta. Nilimwona. Nilimlaani moyoni, yule mama, kwa ujinga wake. Na mimi, nesi, niliyekwisha kusema mbele ya watu kwamba si ukoma, niliyekuwa na uhakika, nilikuwa nimeshika kitabu kwa mikono miwili nikiimba.

Nyimbo zile nazijua zote kwa moyo tangu utoto.

Nilifunga bendeji. Niliifunga vizuri mno, mafundo mawili pasipohitaji hata moja. Akashukuru akarudi nyumbani kumnyonyesha mtoto.

Kwa hiyo nilikuwa na uhakika gani, mimi? Nilipigania kipimo kwa sababu nilimwamini Rode, au kwa sababu niliogopa, na nilitaka zebaki inipe ruhusa ya kumshika? Nimekaa na swali hili tangu asubuhi. Sina jibu zuri. Nadhani yote mawili ni kweli, na la pili ni kweli zaidi. Mzee Nzowa angalau aliogopa hadharani, akafunga kikombe uzi kila mtu akaona. Mimi niliogopa nikiwa naimba.

Basi. Kujilaumu hakumpashi mtu joto vidole. Maji haya nayamwaga sasa hivi. Kesho nitaanza kumfumia glavu za sufu, na sweta ya mama itafumuliwa kwa kazi hiyo, mama angeruhusu. Kila mgonjwa wa vidole atakayeingia hapa nitampima kama nilivyojifunza wiki hii, na kila kosa nitaliandika, langu kwanza.

Meza ya Bwana nyingine ni hadi mwezi ujao. Sitaingoja. Keshokutwa nitakwenda kukaa benchi la Rode, nitampa mkono mbele ya watu wote ibada haijaanza, na kitabu cha nyimbo nitakiacha nyumbani.